Mimi, Karani na Mwaka wa Kifua

Kama umeambiwa juzi kwamba kifua chako kina ugonjwa, na sasa umelala chali ukihesabu boriti za dari, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sijui habari za dawa. Dawa waulize wenye dawa. Mimi ninachokijua ni kungoja, tena najua kungoja vibaya, maana tangu utotoni sikuwa mtu wa kutulia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia watu kwamba siku aliyonizaa nilitoka nikiuliza viatu viko wapi.

Nakwambia mapema usije ukasoma kwa hofu: nilipona. Nala, nimenenepa, nafunga Ramadhani, napanda ngazi bila kusimama katikati kujifanya natazama ukuta. Lakini kupona kuna siku yake na kurudi nyumbani kuna siku yake, na hiyo ya pili ndiyo iliyonitoa jasho.

Mimi ni fundi wa kuchora milango hapa kisiwani Amu. Kaskazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuvuma, nami nimeinamia mwimo wa mlango, mti wa mbambakofi, nikikohoa kama ilivyokuwa kawaida yangu, nikidhani ni vumbi la mbao. Nikaona matone mekundu juu ya ua nililokuwa nalichora. Nikayafuta kwa kiganja, nikaendelea na kazi. Nikakohoa tena, na mara hii kiganja hakikutosha.

Sasa ujue desturi yetu. Kwetu Amu mume ndiye ahamiaye kwa mke. Binti hupewa nyumba anapoolewa, naye bwana harusi huja na sanduku lake la nguo, basi. Nyumba niliyokuwa nikilala ilikuwa ya mke wangu, Bi Rukia, na aliyekuwa akiitawala hasa ni mama yake, Bi Khadija. Tulikuwa na mtoto mmoja, Mwanaisha, aliyekuwa amefikia umri wa kunivua kofia na kukimbia nayo.

Bi Khadija alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, Omari, kaka yake Rukia. Alikufa kwa kifua kabla mimi sijaoa pale. Kwa hiyo habari zangu zilipomfikia hakupiga kelele wala hakulia. Alikuja akasimama mlangoni, mtandio umefunika pua, akaniambia kwa upole ulionitisha kuliko matusi.

"Mwanangu, Omari nlimzika kwa kifua hiki hiki. Sitamzika na huyu mtoto. Nenda ukatibiwe. Ukipona utarudi."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Mwanaisha alikuwa amelala chumba cha pili, nami sikuingia kumuaga. Nilimtazama mlangoni tu, nikachukua sanduku langu.

Mombasa nilikaa hospitali kutoka kaskazi ile mpaka kusi ikatulia. Sindano kila siku, matakoni, leo huku kesho kule, hata nikawa sina upande wa kulalia. Pamoja na sindano kulikuwa na vidonge vikubwa vya kutapisha. Kila mtu wodini alikuwa na kopo lake la kutemea, lenye kifuniko, na kila asubuhi tulikuwa tukichunguliana makopo kwa pembe ya jicho, nani leo amepata afadhali. Baadaye masikio yangu yakaanza kuvuma kama nyuki waliofungiwa mtungini, na nikisimama nayumba. Nilikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inanitoka nikitawadha, nikaifunga kwenye uzi shingoni.

Ramadhani ilinikuta humo, na mvua za masika. Daktari alikataza tusifunge. Najua sheria, mgonjwa ameruhusiwa, lakini kula uji mchana wa Ramadhani mbele ya mfagiaji aliyefunga ni jambo gumu. Nilikuwa nikijifunika shuka kichwani na bakuli langu. Wenzangu walinicheka, wakasema fundi wa Amu anakula kama paka mwizi.

Na kungoja. Kungoja mizani, kungoja daktari apite, kungoja kitanda cha jirani kitandikwe upya bila kuuliza jirani amekwenda wapi. Nilikuwa nikitembea kati ya vitanda mpaka mwuguzi akatishia kunifichia makubazi. Ndipo binamu yangu Yusufu, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la kupiga picha mjini, akaniletea kamera ya zamani, kisanduku cheusi kilichobanduka ngozi pembeni. Duka lilikuwa halikitaki tena. Akanifundisha kutia filamu na kuangalia jua liko upande gani. Akaniambia nishike hicho, maana kucha zote nimeshazila.

Niliporudi Amu sikuwa nimepona, nilikuwa nimepata afadhali. Sindano zilibaki, sasa nikichomwa na dresa wa hospitali yetu, na amri ya daktari ilikuwa nitembee kila asubuhi, polepole, kifua kipanuke. Nyumbani sikwenda. Mjomba wangu alinipa kibanda cha makuti mwisho wa mji, shambani kwake, kwenye minazi. Kila adhuhuri Bi Khadija alikuwa akinipelekea chakula kwa mtumishi wake: wali, samaki wa nazi, siku za Ijumaa biriani. Hata siku moja hakikukosa, wala hakikupoa. Lakini sahani ilikuwa ni ile ile moja, ya bati, yenye alama ya rangi nyekundu chini, na nilijua haichanganyiki na nyingine.

Nikaanza kutembea. Vichochoro vyetu ni vyembamba, punda akija na mzigo yakupasa ujibane ukutani. Mimi nikawa zaidi ya punda. Mtu aniona mbele, ghafla akumbuka kuna kitu amesahau kwake, ageuka. Mwingine avuta ncha ya kilemba puani kama aliyesikia harufu ya mtaro. Mji mzima, ndugu yangu, ulikuwa umesahau kitu nyumbani. Nilikuwa nikirudi kibandani nimechoka kwa hasira kuliko kwa miguu, naketi, nainuka, nazunguka mnazi, naketi tena. Kuchora nimekatazwa kwa ajili ya vumbi. Mikono haikuwa na la kufanya ila kukifungua kisanduku cha kamera na kukifunga.

Pale shambani palikuwa na mbwa. Mbwa wa kulinda shamba kwetu watu humweka, ngedere wasimalize madafu, lakini mbwa wa shamba akaa shamba. Huyu mlinzi wake alihamia bara akamwacha. Alikuwa mwekundu, mwembamba kama mimi, sikio moja limekatika, na alikuwa na tabia ya kumsogelea kila apitaye, kumtazama juu mpaka chini, kisha kurudi kuketi kama aliyekwisha kumwandika. Nikamwita Karani.

Asubuhi moja Karani akanifuata mjini. Nikamtupia jiwe, akangoja likaanguka, akanifuata. Tukaingia kichochoro cha kwanza, na mbele nikamwona muuza mafuta mmoja ambaye wiki ile yote alikuwa akisahau vitu nyumbani. Nikajiandaa kuona mgongo wake. Badala yake alikwea baraza ya mtu, akakunja kanzu yake magotini, akacheka.

"Fundi, na mbwa huyo! Nimevaa nguo za sala mimi. Haya, waonaje hali?"

Akasimama pale juu akanisalimia salamu ndefu, kifua, sindano, chakula, nalala vipi. Nilipopita nikageuka kumtazama. Sijui kama alikwea kwa sababu ya mbwa au kwa sababu yangu, na hapo ndipo penyewe: sikujua, na sikulazimika kujua. Yeye alipata sababu ya heshima ya kukaa mbali, nami nikapata sababu ya heshima ya kutouliza. Siku hiyo nilirudi kibandani nikala sahani nzima.

Tangu hapo sikutoka bila Karani. Niliweka mlangoni mtungi wa maji na kikapu cha mchanga safi, maana tunavyofuata sisi, palipoguswa na umajimaji wa mbwa paoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mbwa mkavu na nguo kavu hakuna neno. Tabu ni ulimi wake na maji ya mvua. Nilikuwa nikijilinda naye vizuri tu, fimbo kati yetu, na yeye alilielewa jambo hilo upesi kuliko binamu zangu wengine.

Kamera nayo ikanifaa kwa njia hiyo hiyo. Kisanduku kile hakitaki mtu karibu, ukimsogelea atoka ukungu mtupu. Kwa hiyo nikawa nawaambia watu, simama papo hapo, usije mbele, na wao wakawa wanafurahi kwamba amri imetoka kwangu. Nilimpiga mshona kofia na vikofia vyake, mwashi juu ya chokaa, punda aliyelala katikati ya njia. Bwana Shee, muuza kahawa wa karibu na soko, alisimama na buli lake kama askari. Huyo Bwana Shee alikuwa na ulimi. Aliniambia watu wasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, wala yenye picha, na mimi nimekusanya vyote viwili tena ni mgonjwa, sasa rehema itanifikia kwa njia gani. Nikamwambia kama ni hivyo basi hata yule wa kutoa roho atashindwa kuingia. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Lakini njia zangu zote zilikuwa na mwisho mmoja. Nilipita sokoni, nikapita hospitali kwa sindano, nikazunguka nyuma ya msikiti, kumbe miguu yaenda nyumbani. Bi Khadija aliniruhusu kusimama ng'ambo ya mtaro, ule mfereji mdogo upitao mbele ya nyumba, na Mwanaisha aliletwa kwenye daka, pale kwenye mabaraza mawili ya mawe mlangoni. Nilikuwa nimemwacha akikimbia na kofia yangu, nikamkuta asema maneno kamili. Mara ya kwanza alijificha nyuma ya nguo za bibi yake. Nikamwambia mimi ni baba. Akanitazama, akamtazama Karani, akauliza huyo jina lake nani.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Mimi ng'ambo, yeye dakani, kamera tumboni pangu, nampiga picha moja, nabakiza filamu ya kesho. Alikuwa akinihadithia, au tuseme alikuwa akimhadithia Karani, nami nikisikia. Nilimwonea wivu mbwa. Nacheka sasa, lakini wakati ule haikuwa mzaha. Nilikuwa naondoka pale nikienda mbio mbio kinyume na amri ya daktari, kwa kuwa nikienda polepole nitalia njiani.

Mfungo Sita ulipoingia, mwezi wa Maulidi, mji ukajaa wageni. Nikawa nakwenda hospitali mapema kukwepa watu. Pale palikuwa na bao refu la kukalia wagonjwa wakingoja, na ilikuwa ajabu lilivyojaa huku na huku, na katikati, nilipoketi mimi, pakawa uwanja. Siku moja mwanamke aliyevaa buibui akaja akaketi pale pale, karibu mpaka nguo yake ikagusa kanzu yangu. Nikasogea nimpe nafasi. Akasogea tena. Alikuwa Rukia.

Sikuwa nimekaa naye bega kwa bega tangu siku ya sanduku. Nilitaka kusema mengi, nikasema samaki wa jana alikuwa mzuri. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini kwamba Mwanaisha ameanza kwenda chuoni kusoma Kurani, na wenzake wamemtungia jina. Wamwita mwana wa mbwa. Juzi alirudi akamuuliza bibi yake kama ni kweli. Na amu yake Rukia, ndugu wa baba yake, aliposikia, alikuja na maneno yake kwamba mwanamke mchanga hawezi kufungwa na mgonjwa mwaka baada ya mwaka, na kadhi yupo.

Nikamuuliza yeye asemaje. Akanigeukia, macho tu yakionekana.

"Mimi sijui kuachwa wala sijui kuachana. Nasema hivi: umemfanya mbwa pazia, wewe umejificha nyuma yake. Sisi umetuacha mbele."

Dresa akaniita jina. Nilipotoka na sindano yangu bao lilikuwa tupu.

Maneno yale yalinichoma kuliko sindano. Siku ya pili nikamfunga Karani kwenye mnazi, nikatoka peke yangu, kamera nimeiacha. Nataka nikwambie kweli jinsi ilivyokuwa, maana nawe itakufika. Ilikuwa vibaya. Muuza mafuta hakukwea baraza, aliingia nyumba ya watu. Mama mmoja alimvuta mtoto wake ndani ya buibui. Nikafika kwa Bwana Shee, wateja wameketi, nikasimama mbali kwa mazoea. Bwana Shee akanitazama nyuma, akaona hakuna mbwa. Hakutia neno la mzaha. Akamimina kahawa, akaniletea kikombe mkononi mwangu, nilipomaliza akakisuuza katika maji yale yale ya vikombe vyote. Wateja wawili waliinuka wakaenda zao. Alijifanya hakuwaona.

Ile kahawa naikumbuka hata leo. Lakini sikurudi kwake kwa muda mrefu, nisije nikamharibia biashara mtu mwema. Nilipofika shamba Karani alikuwa ameshaitafuna kamba, yuaja. Tukarudi kwenye mazoea yetu, ila nilibadilisha saa ya kupita nyumbani, kabla watoto wa chuo hawajatoka makwao, wasimwone Mwanaisha na mbwa.

Kaskazi ilipokuwa inachoka niliitwa Mombasa kupigwa picha ya kifua. Nilikwenda na filamu zangu mfukoni. Asubuhi nikasimama kifua wazi mbele ya chuma baridi, wakaniambia nisipumue wala nisitikisike. Kuambiwa mimi nisitikisike! Kisha nikapelekwa kwenye bao, na bao la Mombasa ni refu kuliko letu. Niliketi, nikainuka, nikahesabu vigae, nikamkera mzee aliyekuwa karibu yangu hata akahama, safari hii si kwa ugonjwa ila kwa miguu yangu. Daktari aliponiita aliinua ile picha dirishani, nikaona mbavu zangu nyeupe na giza katikati. Akaonyesha mahali kwa kalamu. Pamekauka, akasema. Makohozi nayo safi. Huambukizi mtu. Rudi kwa watu wako.

Sikumbuki nilivyofika dukani kwa Yusufu. Aliziosha filamu zangu siku ile ile, akazitandaza picha mezani, na mimi nikatafuta zile za dakani, Mwanaisha wa kila asubuhi, miezi na miezi ya asubuhi. Alikuwepo. Nywele zimesukwa, nywele zimefumuliwa, kanzu ya Maulidi, jino limemeguka. Na katika picha zote, moja baada ya moja, macho yake yako chini upande wa kushoto. Katika zote alikuwa anamtazama Karani. Hakuna hata moja aliyonitazama mimi.

Yusufu akasema mtoto ampenda mbwa, akacheka. Nikacheka naye. Kisha nikatoka nje nikasimama jua kali mpaka likanikausha uso. Mle mfukoni nilikuwa na kifua kizima na mtoto asiyenijua, na sikujua nishukuru lipi nililie lipi.

Nilirudi Amu na ile habari njema nikaipeleka moja kwa moja mpaka kwenye mtaro. Bi Khadija alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulitaka kufurahi, nikauona unavyojizuia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Na Omari waliniambia amepona. Nlimfanyia karamu."

Hakunikaribisha. Hakunifukuza. Sahani ya bati iliendelea kuja, yenye alama yake. Nilikuwa mzima sasa, na nilikuwa nimesimama mahali pale pale. Ndugu yangu, siku zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, kuliko damu, kuliko uji wa Ramadhani. Mgonjwa ana la kungojea. Mimi nilikuwa nangoja mwanamke mmoja asahau kaburi la mwanawe, na hilo nilijua sina haki ya kuliomba. Nilitembea kutwa. Nilitembea mpaka kijiji cha Shela na kurudi, Karani ulimi nje, kamera haina filamu nimeining'iniza shingoni kwa mazoea tu.

Mvua za masika zikaanza, na Ramadhani nyingine ilikuwa yakaribia. Asubuhi moja mvua ilinyesha, ikakatika, mtaro ukajaa. Nikaja nimeroa, Karani ameroa zaidi, tukasimama ng'ambo yetu. Mwanaisha alikuwa dakani peke yake, bibi yake ameingia ndani kuchukua kitu. Akaniuliza mbona Karani atetemeka. Nikamwambia ni baridi. Akafikiri. Kisha akateremka baraza, akauruka mtaro, akamkumbatia mbwa shingoni kwa mikono miwili.

Karani hakuwa amekumbatiwa na mtu maisha yake yote. Akamlamba uso, akamlamba mikono, maji ya manyoya yakamchuruzika mtoto mpaka kiunoni. Nikasahau mtaro, nikasahau kila kitu, nikamwinua mwanangu. Nilimwinua hivi, kifuani. Alikuwa mzito. Karani akadhani ni mchezo, akanirukia na mimi, akanilamba mikono yote miwili na kanzu.

Bi Khadija akatokea mlangoni. Alichokiona ni najisi tupu, mtu mzima na mtoto, wameroa mbwa kutoka kidevu mpaka miguuni, na majirani wanaanza kufungua madirisha. Akashika kichwa.

"Yallah! Ndani! Ndani nyote wawili, msiguse kitu! Rukia, lete mai! Lete mtanga!"

Akatuvuta kwa ukelele wake tukapita daka, tukapita mlango ambao sikuupita mwaka mzima na zaidi, mpaka kiwandani, uwanja wa ndani wa nyumba, palipo na birika la maji. Rukia akaja na ndoo na mchanga, akaniona, akaitua ndoo miguuni pangu. Bi Khadija hakumtazama. Alikuwa amekunja mikono ya nguo, amemshika Mwanaisha, anasugua mchanga na kuhesabu kwa sauti, moya, mbili, tatu, na Mwanaisha akilia kwamba mchanga waumiza. Alipofika saba akamsukuma kwa mama yake akabadilishwe.

Kisha, bila kuinua macho, akanyoosha mkono.

"Leta na wewe."

Nikampa. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akautia mchanga, akausugua kwa nguvu, katikati ya vidole, kiganja, kifundo, kama alivyokuwa akimsugua mtoto. Moya. Maji. Mbili. Maji. Mimi sikupumua, na safari hii hakuna aliyeniambia nisipumue. Hakuna mtu asiyekuwa dresa aliyenishika mkono tangu niondoke nyumba ile. Tatu. Akaugeuza mkono, akafika pale kwenye kovu la patasi, la siku nyingi, ambalo yeye mwenyewe alilifunga dawa nilipokuwa bwana harusi mpya. Hapo akasimama.

Akainua uso. Akanitazama, karibu kuliko bao lolote la hospitali, mtandio umemwangukia mabegani, pua wazi. Nikaona anaona anachokifanya. Nilitaka kuutoa mkono mwenyewe nimwepushie aibu. Hakuuachia.

"Ilikuwa tatu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Tatu, Mama."

"Nne," akasema, akamwaga maji. Machozi yalikuwa yakimtoka, akayaacha. Tano. Sita. Saba. Akachukua mkono wa pili akaanza upya, polepole, mpaka saba. Rukia alikuwa amesimama mlangoni amemkumbatia mtoto, na Mwanaisha, ambaye hakuwa na mbwa wa kumtazama mle ndani, alikuwa ananitazama mimi. Akauliza mbona baba halii, mchanga haumuumizi yeye? Ni mara ya kwanza kusikia neno hilo kwake, na aliyemjibu ni bibi yake, akamwambia waumiza sana, nyamaza.

Nikainuka niende zangu, kwa mazoea. Nje Karani alikuwa anabweka ng'ambo ya mtaro. Bi Khadija alikuwa anajifuta uso kwa pembe ya leso, amenipa mgongo.

"Wenda wapi na kanzu hiyo? Imeroa mbwa. Ivue ioshwe. Huwezi kutoka nde hivyo."

Nikavua. Nikapewa shuka, nikaketi ukumbini juu ya kitanda changu cha zamani kungoja kanzu ikauke. Mvua ikaanza tena. Bi Rukia aliifua mara saba, akaianika juu ya kamba kiwandani, pale pasipo na jua wala upepo, nami nikamwona akiianika pale na sikumwambia neno. Nilikaa. Mimi huyu, nilikaa. Kanzu haikukauka siku ile, wala siku ya pili yake, na hakuna mtu nyumba nzima aliyekwenda kuitazama.